Navutia mlangoni na huwa naomba ruhusa kwanza, mbona bado wenzangu wanalalamika?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni mvutaji, nafanya kazi ofisini tuko kama watu kumi na kitu. Ndani sivuti kabisa. Nikishikwa na kiu nasimama mlango wa nyuma au kwenye dirisha la korido, navuta moja narudi. Na huwa nauliza kwanza, jamani hamna shida nikiwasha hapa? Wote wanasema hamna shida. Juzi bosi kaniita, kuna malalamiko ya moshi, kuna dada ana pumu na mwingine ni mjamzito. Nimeumia maana naona najitahidi kuwa mstaarabu. Huo moshi wa mlangoni unawadhuru kweli au ni chuki tu kwa sisi wavutaji? Na nifanyeje, maana kuacha kabisa sa hivi sijaweza."

Jibu:

Marahaba ndugu yangu, na ahsante kwa kuandika bila kuficha. Nianze na unachotaka kujua haraka: ndio, moshi wa mlangoni na wa dirishani unawafikia wenzako na unawadhuru, hasa hao wawili uliowataja, na sioni chuki hapo. Ila naona pia kweli unajitahidi, huwashi mezani kwa mtu, unainuka, unauliza. Shida ni kwamba juhudi yako umeipeleka sehemu mbili ambazo hazisaidii, mlango na lile swali la "hamna shida?", na hilo la pili ndo nitalikalia sana maana wavutaji wengi waungwana wanateleza hapohapo.

Kwanza moshi wenyewe. Sigara moja inakuchukua dakika tano sita hivi, lakini ukihesabu muda ambao unaivuta kweli ni kama mara kumi za sekunde mbili mbili, nusu dakika haifiki. Muda wote uliobaki iko katikati ya vidole inaungua yenyewe huku unaongea au unaangalia simu. Siku moja itazame vizuri. Ukivuta, ile ncha inawaka nyekundu, joto linapanda karibu nyuzijoto 900, na huo moshi unapita kwenye tumbaku, unapita kwenye kichungi, ndo unaingia kwako. Ukiishusha, ncha inapoa, unaanza kupanda ule uzi mwembamba wa rangi ya bluu, na huo haupiti kichungi chochote, tena unatoka kwenye moto wa joto la chini ambao hauunguzi vizuri, kwa hiyo kaboni monoksaidi, amonia, benzini na zile kemikali za saratani za tumbaku zinatoka kwa wingi zaidi kuliko kwenye moshi unaouvuta wewe. Mtu aliyekaa jirani na wewe, karibu asilimia 85 ya moshi anaoupata ni huo wa ncha, sio ule unaoutoa mdomoni. Ndo maana kugeuza kichwa na kupuliza juu, jambo ambalo wavutaji wengi wanalifanya kwa nia njema kabisa, linasaidia kidogo sana kuliko wanavyodhani, sigara yenyewe bado iko mkononi inaendelea.

Kwenye huo moshi kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zinazojulikana kusababisha saratani ni kama 70. Chembe zake ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata maikromita 1, wakati unywele wa kichwani una kama 70, kwa hiyo pua na koo haviwezi kuzinasa, zinashuka moja kwa moja mpaka kwenye vifuko vya chini kabisa vya mapafu. Na unapoona moshi umepotea, ujue haujaondoka, umetawanyika tu hadi jicho haliuoni. Kwenye chumba unaweza kubaki masaa kadhaa.

Sasa mlango. Wewe unaona umesimama mpakani, mguu mmoja nje, basi moshi utaelekea nje. Lakini jengo nalo linavuta hewa. Kukiwa na feni ya kutoa hewa chooni au jikoni, au mtambo unaosukuma hewa kwenda nje, hewa ya kujazia lazima itoke mahali, na inaingia kupitia upenyo uliopo, yaani mlango wako na dirisha lako. Ghorofani ndo zaidi, hewa ya ndani ikiwa ya joto kuliko ya nje inapanda na ngazi kama inavyopanda kwenye bomba la moshi, na kila inapopanda inavuta nyingine kutoka mlango wa chini. Matokeo yake umesimama mlangoni unavuta, na mtu wa ghorofa ya pili anashangaa harufu imetoka wapi. Alafu kila mtu anayeingia au kutoka lazima apite hapohapo kwenye wingu lako, hana njia nyingine. Mlango ni sehemu ya mwisho ambayo mvutaji anatakiwa asimame, hata kama ndo sehemu ya kwanza inayokuja akilini. Sheria nyingi zinajua hilo, mfano California kwenye majengo ya serikali huruhusiwi kuvuta ndani ya futi 20 kutoka mlango mkuu wala dirisha linalofunguka. Futi 20 ni kama mita 6.

Na dirisha la korido? Hilo ni ndani ya jengo. Samahani lakini sina namna ya kulilainisha. Upepo ukigeuka kidogo tu moshi wote unarudi ndani, na hata usipogeuka sehemu yake inabaki. Watu walihangaika miaka mingi kutafuta njia ya kuvuta ndani bila kuwadhuru wengine, wakatenga vyumba, wakafunga mitambo ya hewa ya gharama kubwa, kwenye ndege wakatenga viti vya nyuma kuwa vya wavutaji, na haikufanya kazi, manake hewa ni moja. Ukishatia chumvi kwenye ndoo ya maji huwezi kusema upande ule ndo wa chumvi na huu ni wa maji baridi. Marekani walikataza sigara kwenye safari fupi za ndege za ndani mwaka 1988, 1990 wakaongeza hadi karibu safari zote za ndani, na leo huwezi kumkuta mtu anadai kiti cha kuvutia. Ule mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005, una nchi wanachama zaidi ya 180, na ibara yake ya 8 inahusu hili hili la kumlinda mtu na moshi wa mwenzake kazini, kwenye usafiri na sehemu za umma za ndani. Mwaka 2007 wakatoa mwongozo wakasema wazi kwamba feni, mitambo ya kuchuja hewa na vyumba vya kuvutia havitoshi, kinachotosha ni ndani kusivutwe kabisa. Ireland ndo nchi ya kwanza kuondoa sigara sehemu zote za kazi mpaka kwenye baa, tarehe 29 Machi 2004, na watu walitabiri baa zitakuwa tupu na fujo itatokea, lakini wavutaji wenyewe walizoea kutoka nje.

Umeuliza kama madhara ni ya kweli, ngoja nikupe mawili matatu. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani anaitwa Takeshi Hirayama alitoa matokeo ya kufuatilia wanawake walioolewa zaidi ya 91,000 wasiovuta, kwa miaka 14. Wale ambao waume zao wanavuta walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawavuti, na kadiri mume alivyovuta nyingi ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Mke hajagusa sigara maisha yake yote. Kampuni za tumbaku zilipigana sana na utafiti ule lakini tafiti za nchi nyingine zikaja kusema hivohivo. Leo tunajua asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi wa wenzake hatari yake ya saratani ya mapafu inapanda asilimia 20 hadi 30, na ya ugonjwa wa moyo asilimia 25 hadi 30. Kidunia wanaokufa kwa moshi wa wengine ni zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka.

Moyo ndo unawashangaza watu, wanadhani hii ni habari ya mapafu ya miaka ishirini ijayo. Mwaka 2001 madaktari wa Japani walichukua vijana wazima wasiovuta wakawakalisha nusu saa tu kwenye chumba chenye moshi, wakapima uwezo wa mishipa ya moyo kuongeza damu pale moyo unapoihitaji. Kabla ya hapo walikuwa vizuri kuliko wavutaji. Baada ya nusu saa uwezo wao ukashuka mpaka karibu sawa na wavutaji. Nusu saa, ndugu yangu. Ndo maana mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alipotoa ripoti yake alisema hakuna kiwango cha moshi wa sigara ambacho mtu anaweza kukivuta ukasema hiki ni salama.

Sasa wale wawili wa ofisini kwako. Huyo dada mwenye pumu, njia zake za hewa zina uvimbe muda wote hata siku anapoonekana mzima, moshi ukigusa misuli inayozizunguka inakaza, ute unaongezeka, na anaanza kuhema kwa filimbi. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo wengi sana, na kinachowatesa kuliko hata shambulio lenyewe ni kuishi na hofu, kila asubuhi anapanga apite mlango gani, akae kiti gani, amebeba ile dawa ya kupuliza kwenye mkoba na anaihesabu. Mjamzito naye, kaboni monoksaidi inashika kwenye damu pale ambapo oksijeni ingeshika, na mtoto anapata hewa kupitia damu hiyohiyo ya mama. Wajawazito wanaokaa kwenye moshi wa wengine wako kwenye hatari zaidi ya kuzaa watoto wenye uzito pungufu. Kwa hiyo hawa wakilalamika wala hawana tatizo na wewe kama mtu.

Haya, sasa nije kwenye lile swali lako, "jamani hamna shida nikiwasha hapa?"

Najua umelelewa vizuri na kuuliza ni adabu. Lakini jiweke upande wa pili. Unapouliza, sigara tayari iko vidoleni, kiberiti mkono mwingine, umeshainuka, na kila mtu anaona jibu unalolisubiri. Kukukatalia inabidi mtu aharibu hali ya hewa ya ofisi nzima, aonekane mwenye makuu, na kesho bado mtakaa meza moja na huenda atahitaji msaada wako. Kama wewe ni mkubwa wake kazini ndo kabisa hawezi. Alafu unauliza kwa wote kwa pamoja, kila mmoja anasubiri mwingine aseme, kimya kidogo, mmoja anasema "aah poa tu", na wewe unahesabu wote wamekubali. Na yule mwenye pumu ili akatae kwa sababu ya maana inabidi aanze kueleza habari za mapafu yake mbele ya watu, jambo ambalo pengine amelificha kazini makusudi asionekane dhaifu. Mjamzito wa wiki ya nane pengine hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake. Unamuuliza swali dogo la sekunde mbili, kumbe kulijibu kwa ukweli atoe siri kubwa kuliko zote alizonazo. Atasema nini zaidi ya hamna shida?

Na hata akikubali kwa moyo wote, ruhusa yake inamhusu yeye tu. Moshi bado utakuwepo dakika ishirini baadaye atakapoingia mtu mwingine ambaye hukumuuliza, mfanya usafi, mgeni, mtoto aliyeletwa na mzazi wake. Nani ameomba ruhusa kwa hao?

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwenye barua hii yote ni huu: usiombe ruhusa, ondoka. Inuka, sema "narudi sa hivi", nenda mbali, vuta, rudi. Hakuna atakayehitaji kukubali wala kukataa, hakuna atakayejieleza. Wewe ndo una kitu kinachoweza kuhama, sigara inahamishika na inaweza kusubiri dakika kumi, wakati mwenzako hawezi kuacha kuhema dakika kumi akusubiri wewe umalize. Mzigo ubebwe na anayeweza kuubeba. Na hiyo inafuta pia ile hoja ya "mimi ndo nimetangulia hapa". Umesimama kituo cha basi unavuta peke yako, mara anakuja mama na mtoto wanasimama hatua mbili kutoka kwako kwa sababu basi linasimama hapo, wewe ndo unasogea, na kama pa kusogea hamna unazima. Mtoto anahema haraka kuliko mtu mzima, anameza moshi mwingi zaidi kwa uzito wake, na hana mdomo wa kukwambia anko sogea.

Umbali gani sasa? Hapa nikutendee haki, maana wapo wanaokufanya ujisikie mhalifu hata ukiwa peke yako katikati ya uwanja. Nje kweli ni tofauti na ndani. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford walipima moshi sehemu za nje, wakakuta mtu aliyekaa karibu na mvutaji, nusu mita hivi, upande unakoelekea upepo, anaweza kupata kiwango cha kulingana na cha ndani, lakini ukivuka mita 2 kinashuka sana, na sigara ikizimwa nje hewa inasafika haraka, haibaki kama chumbani. Hiyo ni sigara moja. Wakiwa wavutaji watano kwenye benchi moja, au sehemu ina paa na kuta tatu inaitwa nje kwa jina tu, hesabu inabadilika. Mimi nawaambia watu wachukue mita 6 hadi 10 kutoka mlango, dirisha na mahali watu wanaposubiri, na kabla ya kuwasha waangalie upepo unaenda wapi, simama mahali ambapo moshi wako unaondoka kwa watu, usisimame pale upepo unapoupeleka kwao. Ukifanya hivo ukiwa peke yako sehemu wazi, sina ugomvi na wewe kuhusu wenzako. Kuhusu mapafu yako ninao, ila hukuniuliza hilo.

Kuna jambo moja wavutaji karibu wote hawalijui. Ukishazima sigara mapafu yako hayajaisha kutoa moshi, kwa dakika moja hivi pumzi unayotoa bado ina chembe. Mtu anayevuta ya mwisho, anatupa, anaingia kwenye lifti palepale, anaenda kumalizia kuutoa mle ndani kwenye kile chumba kidogo. Kwa hiyo ukimaliza baki nje dakika mbili tatu, vuta hewa, tembea kidogo. Kunawa mikono na kuvua koti la kuvutia ukaliacha nje ya ofisi kunasaidia pia, kwa sababu nikotini na uchafu mwingine unaganda kwenye nguo, nywele, makochi na mapazia, na mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Berkeley walionyesha nikotini iliyoganda juu ya vitu inaweza kuchanganyika na gesi ya kawaida ya ndani ikatengeneza kemikali za saratani. Sisemi harufu ya shati lako ni hatari sawa na moshi, hapana. Ila dada mwenye pumu anaweza kuanza kukohoa kwa harufu tu, na mjamzito wa miezi ya mwanzo anaweza kutapika, na wewe hutajua kwa nini maana pua yako imeshazoea, huisikii. Ukiambiwa unanuka sigara usibishane na pua ya mtu, ya kwake inafanya kazi kuliko yako kwenye hilo.

Umesema kuacha hujaweza, sikulaumu, nikotini ni kitu kigumu. Ila jua kinachokutoa kitini kila baada ya muda mfupi ni nini. Nusu ya nikotini inaondoka kwenye damu ndani ya masaa mawili hivi, ikishuka ndo ile arosto inaanza, hasira, kutotulia, akili haikai kwenye kazi. Ukijua hivo unaweza kupanga. Vuta kwenye vipindi vyako vya mapumziko vilivyopangwa ambapo una muda wa kwenda mbali na kurudi, usisubiri kiu ikubane katikati ya kikao maana hapo ndo mtu anakimbilia mlango wa karibu. Na kwa masaa ya katikati, au safari ndefu, au siku mvua inanyesha huwezi kutoka, kuna jojo za nikotini na plasta za kubandika kwenye ngozi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, sio kitu cha kubahatisha. Hiyo jojo watu wengi wanaitumia vibaya alafu wanasema haifanyi kazi, wanatafuna kwa fujo kama pipi, wanameza mate, tumbo linawaka. Itafune taratibu mpaka uhisi mdomo unachonyota au ladha kali, hapo acha kutafuna, iweke katikati ya shavu na fizi, ikiisha ladha tafuna tena kidogo, hivo hivo kwa kama nusu saa, na dakika 15 kabla ya hapo usinywe kahawa wala soda maana zinazuia nikotini kupenya mdomoni. Muone daktari au mfamasia akupe nguvu inayokufaa. Wengi walioanza kuitumia kwa ajili ya wenzao ofisini walijikuta wanapunguza bila kupanga.

Najua utauliza kuhusu zile sigara za kielektroniki, kwamba hazina moshi. Hazina moshi wa kuungua, kweli, na anayekaa karibu anapata kemikali chache kuliko za sigara, lakini mvuke wake una nikotini na chembe ndogo ndogo, kwa hiyo kanuni haibadiliki, mbali na watu, na ndani usitumie. Shisha ndo isikudanganye kabisa, maji hayachuji sumu, na lile kaa linaloungua juu linatoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko watu wanavyofikiria.

Gari pia, kama huwa unawapa wenzako lifti. Gari ni chumba kidogo kuliko vyote, sigara moja inalijaza haraka, na kushusha kioo hakutoshi. England tangu Oktoba 2015 ni kosa kuvuta kwenye gari lililofungwa lenye abiria wa chini ya miaka 18. Mimi nasema usivute ndani ya gari anamopanda mtu mwingine, hata saa ambayo hayumo, maana uchafu unabaki kwenye viti.

Kuhusu malalamiko kupitia bosi, naelewa yamekuuma, ungependa wakwambie usoni. Lakini ukisoma nilichoandika juu utaona kwa nini hawakuweza, uliwauliza mahali ambapo jibu lilikuwa moja tu. Usiende kumtafuta aliyesema, na usiwanunie. Ukitaka kusema kitu, waambie wote kwa pamoja kwamba umeelewa na kuanzia leo utakuwa unaenda kuvutia mbali, basi, usiombe msamaha mrefu unaowalazimisha wakubembeleze. Na kama nao wanasoma hapa: mvutaji ukimwambia "mimi nina pumu, moshi huu unanibana kifua, naomba usogee kule" anakuelewa vizuri zaidi kuliko ukikohoa kwa nguvu huku unapepea mkono, maana mkono unamfanya ajisikie ametukanwa na ataanza kujitetea badala ya kusogea.

Kwa bosi usiende kujitetea, nenda na ombi. Mwambie mnahitaji sehemu ya kuvutia iliyo nje, haina paa wala kuta, mbali na milango, madirisha na pale hewa ya jengo inapoingilia, isiwe njia ya watu kupita, na muda wa kwenda na kurudi ujulikane ili wasiovuta wasione mnapewa mapumziko ya ziada, hiyo nayo ni kero ya kweli ofisi nyingi. Kabla ya kuchagua mahali nendeni mkasimame pale asubuhi na jioni mwone upepo unakwenda wapi. Na muweke chombo cha chuma chenye mchanga kwa ajili ya vipisi, kichungi cha sigara ni plastiki, hakiozi kama karatasi, na kipisi ambacho hakijazimika vizuri kwenye majani makavu au kwenye pipa la karatasi kinawasha moto. Chombo kiwe palepale mnaposimama, kikiwekwa mlangoni watu watarudi kuvutia mlangoni.